Kaole, Kilwa, makumbusho au mche wa sabuni: tukafundishie wapi sanaa ya miji ya kale?

Bajeti ya safari ikiguswa tu kwenye chumba cha walimu, mabishano huanza. Watoto wa kidato cha kwanza na cha pili tuwapeleke wapi wakaone miji ya kale ya Waswahili, ile iliyokuwepo kabla ya Mreno? Mmoja atasema Kilwa, maana ndiyo iliyomo kitabuni. Wa pili atasema Kaole, maana ndiyo inayofikika. Mhasibu atasema Makumbusho ya Taifa, hapa Dar es Salaam, maana watoto watarudi kula mchana shuleni. Kila mmoja ana hoja. Mimi nimeshakwenda na watoto kote huko, safari nyingine kwa mipango, nyingine kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Nitakuwekea sehemu hizo moja kando ya nyingine, pamoja na ya nne isiyohitaji basi, nayo ni mche wa sabuni.

Nitaje mapema kipimo changu, usije ukadhani nina upendeleo. Siangalii mahali pana umri wa karne ngapi. Naangalia kama mtoto ataondoka pale ameuona mkono wa fundi. Kwani mbele ya gofu lolote, swali la kwanza la mtoto huwa ni hilihili: "Mwalimu, hii si walijenga Waarabu?" Ukimjibu "hapana" umempa neno lako dhidi ya neno la babu yake, basi. Tena "hapana" yenyewe si jibu kamili. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, wa watu waliozikwa katika miji hii, ulionyesha damu iliyochanganyika tangu karibu miaka elfu iliyopita, upande wa mama zaidi Afrika, upande wa baba zaidi Asia, hasa Uajemi. Sasa jaribu kumweleza hayo mtoto wa miaka 13 juani. Afadhali umpe tepu akapime, umpe kisu akachonge, halafu mrudi kwenye swali lake akiwa na kitu mkononi.

Sabuni kwanza, kokote mtakakokwenda

Majengo haya yamejengwa kwa matumbawe, na matumbawe ni ya namna mbili. Kuna yale yanayochimbwa nchi kavu, magumu, yanayovunjwa mawe mawe na kushikamanishwa kwa chokaa. Kuna na yale yanayokatwa baharini yakiwa hai. Haya yakitoka majini ni laini, unayachonga kwa kisu, lakini yakishapigwa na hewa hukauka na kuwa jiwe kwelikweli. Mihrabu (kile kidaka cha ukutani anaposimama imamu), vizingiti vya milango na nakshi za pembeni zilitoka katika aina hii ya pili. Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale, yamechomwa juu ya lundo la magogo.

Maelezo hayo yote mtoto atayaandika daftarini na kuyasahau kufikia Ijumaa. Kwa hiyo mimi hununua sabuni ya mche. Nusu ya miche naikata vipande asubuhi ya kipindi, ikiwa bado laini. Nusu nyingine nakuwa nimeikata wiki mbili kabla na kuianika juu ya bati. Nagawa bila kueleza. Kila mtoto anapata kipande, msumari na kazi moja tu: chonga mstari wa msuko, kama ukili wa mkeka, kuzunguka ukingo.

Dakika kumi hazipiti, nusu ya darasa inalalamika. Walio na sabuni mbichi wanachonga kama siagi, walio na kavu vipande vinawakatikia na msuko unapasuka kwenye kona. Wanadhani nimewapendelea wenzao. Mwaka juzi msichana mmoja aliyekaa nyuma, aliyepata kipande kikavu, alinyamaza, akakigeuzageuza, kisha akasema, "Kwa hiyo fundi alikuwa na haraka." Nikafunga kitabu. Somo lilikuwa limekwisha. Fundi alikuwa na haraka, na mwenye haraka hawezi kuanza kufikiri nakshi baada ya jiwe kutoka baharini. Lazima mchoro uwe tayari kichwani, vipimo vinajulikana, kisu kimenolewa, na mkono umeshazoea. Watu wa namna hiyo hawaletwi na jahazi moja wakaondoka nalo. Hao wana karakana, wana wanafunzi, wana ufuo wao.

Kasoro ya sabuni ni moja na ni kubwa: haimpi mtoto ukubwa. Hawezi kujua maana ya kusimama chini ya kuba kwa kuchonga kitu kinachoenea kiganjani. (Mabaki ya kuchonga hatutupi. Yanaingia kwenye ndoo, darasa linafuliwa mapazia.)

Kaole dhidi ya Kilwa

Hapa ndipo ugomvi ulipo, basi tukae kidogo.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Ukitoka Dar es Salaam alfajiri, saa tatu asubuhi watoto wapo kazini na jioni wamelala kwao. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mkubwa wa zamani ukitajwa kuwa wa karne ya 13, na kuna makaburi, baadhi yake yenye nguzo ndefu juu, makaburi ya mnara. Nguzo hizo ni sanaa ya pwani yetu hasa. Utazikuta Tongoni kule Tanga, utazikuta Kunduchi, utazikuta Gede na kwingineko Kenya. Hapo tayari una mjadala. Pwani hii watu walikuwa na namna yao ya kumkumbuka marehemu, na mafundi wao waliijua.

Uzuri wa Kaole ni udogo wake. Watoto 40 unawaona wote kwa jicho moja. Unaweza kuwapa nusu saa nzima mbele ya mihrabu moja, wachore, wafute, wachore tena. Kuna kisima, na kuna mbuyu ambao mtembezi atawaambia una miaka 500. Kuna pia kaburi la Sharifa, ambako hadi leo watu huja kuomba dua, kwa hiyo ni lazima uwafundishe adabu kabla hawajashuka garini. Hakuna kupanda juu ya kaburi, hakuna kupiga kelele, kofia na mitandio iwe tayari. Mimi naona hilo ni faida. Mtoto anagundua kwamba "mambo ya kale" bado yana wenyewe.

Ubaya wake ni kwamba hadithi zinaweza kumeza kazi. Mtembezi mzuri wa maneno atawazungusha kwenye kaburi la wapenzi na kwenye mbuyu, watoto watacheka, watapiga picha, na hakuna aliyetazama ukuta. Mwombe mapema akupe saa moja ya kimya. Wengi hukubali. Wengine hufurahi hata, maana wamechoka kurudia hadithi zilezile.

Kilwa Kisiwani ni habari nyingine kabisa. Pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa kubomoka na kuliwa na bahari, ikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati mwingi. Msikiti Mkuu peke yake unatosha muhula. Upande wa kaskazini ndio wa kale, wa karne ya 11, ulioezekwa paa bapa, na upande wa kusini ndio ulioongezwa baadaye, wenye matao na kuba. Mtoto anavuka kutoka karne moja kwenda nyingine kwa hatua chache, akiinua kichwa anaona tofauti. Halafu kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba zaidi ya 100, na bwawa la pembe nane ambalo watoto wote, bila kuambiwa, huanza kulihesabu pembe.

Na kuna kazi ya tepu. Wape wapime upana wa chumba, kisha cha pili, kisha cha tatu. Urefu unabadilika sana, upana haubadiliki, hauvuki mita 3 na mara nyingi uko chini ya hapo. Kwa nini tajiri kiasi hiki ajenge vyumba vyembamba hivi? Waache wahangaike. Mwishowe mmoja atainua macho pale paa lilipokuwa, kwa kuwa jibu liko hapo. Paa bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikiwa ndefu kupita kiasi haihimili uzito wa mawe na chokaa juu yake. Upana wa nyumba ya sultani uliamuliwa na mti wa mkoko. Na mwenye bandari ya boriti jirani na kwao anajua kwamba hadi leo huuzwa kwa urefu uleule wa kujengea.

Bado hujamaliza. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za huyohuyo Hasan bin Sulaiman, akausifia mji kwa uzuri wake. Lakini akasema umejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa nyasi! Mtoto amesimama katikati ya mawe matupu. Nani kakosea? Hapa hupati jibu moja, ila unapata darasa zuri kuliko yote. Watakuambia labda aliandika kwa kukumbuka miaka mingi baadaye, labda alikuwa anasema nyumba za watu wa kawaida. Ndipo unapowaletea habari ya Shanga, kisiwani Pate, Kenya, ambako uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo ya miti, ya kuanzia karne ya 8. Mawe yamebaki kwa sababu ni mawe. Miti na udongo, ambamo watu wengi waliishi, vimerudi ardhini. Mtoto anayeishi nyumba ya udongo na makuti akilisikia hilo, anakaa wima kidogo.

Sasa ubaya wa Kilwa, na hapa nasema kwa uchungu wa mwenyewe. Kutoka Dar ni kama kilomita 300 hadi Kilwa Masoko, kisha kibali, kisha chombo cha kuvukia. Safari yetu ya kwanza tulitaka tuimalize kwa usiku mmoja. Basi lilichelewa Rufiji, mwenye chombo tuliyeahidiana naye akawa ameshachukua abiria wengine, na tulipopata kingine maji yalikuwa yamekupwa. Watoto wakashuka mbali na ufuo, viatu mkononi, sketi zimekunjwa, wanatembea kwenye tope huku wengine wanalia kwa kuogopa kaa. Muda tuliobaki nao kisiwani ulikuwa saa mbili. Husuni Kubwa hatukuiona, iko mbali na Msikiti Mkuu na jua lilikuwa limeshainama. Niliwarudisha watoto ambao wanakumbuka Kilwa kama mahali pa tope.

Kwa hiyo: Kilwa bila kulala usiku mbili usiende. Ulizia maji kupwa na kujaa kabla hujaulizia chakula, na epuka bamvua. Epuka masika pia. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya kusini, mabasi yalikwama siku kadhaa. Hakikisha majaketi ya kuokolea yanatosha idadi ya watoto, uyahesabu mwenyewe, usikubali kuambiwa "yapo". Na usimpeleke mtoto ambaye hajawahi kuona gofu lolote. Atazidiwa, atatazama kila kitu na asione kitu.

Ukinibana nichague kwa shule ya kawaida ya Dar au Pwani, yenye safari moja kwa mwaka, nasema Kaole bila kusita, kidato cha kwanza, mwezi wa saba. Kilwa iwe ya kidato cha tatu au cha nne, kikundi kidogo, walioshachonga sabuni na kushika tepu. Wazazi watakuuliza kwa nini si Kilwa yenye jina. Waambie mtoto hajifunzi jina.

Makumbusho ya Taifa

Ni rahisi, ni karibu, kuna kivuli na choo. Vitu vya Kilwa vimo, kaure za Kichina, vyungu, sarafu. Kwa sarafu hasa, makumbusho inashinda magofu yote, maana kule Kilwa hutaziona chini zikikungoja. Ni vipande vidogo vya shaba, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hufungana kwa kina kama mishororo. Kwa Mswahili hilo halihitaji maelezo. Hata pesa zetu zilighani. Sarafu ya Hasan bin Sulaiman imechimbuliwa Great Zimbabwe, na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wape watoto ramani na kamba, wapime.

Kioo ndicho kikwazo. Mtoto hashiki, na baada ya dakika 40 anaanza kutafuta duka la juisi. Mimi siichagui peke yake. Naichagua kama nusu ya pili ya Kaole. Kwenye nguzo ya kaburi kule Kaole zipo alama za duara, mahali palipopachikwa mabakuli ya kaure. Mabakuli yenyewe yaliondolewa yakapelekwa makumbusho yasiharibike. Mtoto akiona tundu Bagamoyo wiki hii na bakuli Dar wiki ijayo, atauliza mwenyewe kwa nini visiwe pamoja. Darasa langu liligawanyika katikati, na waliotaka yarudishwe walishindwa kujibu swali moja la mwenzao: "Na yakiibiwa, utamlipa nani, marehemu?"

Walio kaskazini na walio visiwani

Mwalimu wa Malindi, Kilifi au Mombasa asihangaike na haya yote, anayo Gede. Iko pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, njia zake ni tambarare, na tangu 2024 nayo ni Urithi wa Dunia. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, kwa hiyo hesabu ya kubadili kalenda inajileta yenyewe. Ninachokipenda zaidi ni majina ya nyumba. Wachimbaji waliziita kwa vitu walivyovikuta humo, moja nyumba ya mkasi, nyingine nyumba ya simbi za pwani, nyingine nyumba ya sanduku la pembe za ndovu. Nimeiba zoezi hilo nikalifanyia Dar: nyumba yenu ikichimbwa miaka 600 ijayo itaitwaje? Nilipata Nyumba ya Chaja, Nyumba ya Ndoo Saba, na moja ambayo sitaisema kwa heshima ya mzazi. Gede ikikosa kitu ni bahari. Haionekani pale, na mtoto anaweza kuondoka asijue mji huu ulikuwa wa pwani.

Unguja wanayo Kizimkazi Dimbani, ambako mihrabu ina maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, lakini nakshi ile ya kale imo. Ni msikiti unaosaliwa, si kiwanja cha maonyesho. Zungumza na wenyewe kabla, uulize na utaratibu wa wasichana, na peleka watoto wachache. Kama uliwachongesha sabuni kwanza, watasimama mbele ya zile herufi na hutahitaji kusema neno.

Na simu?

Shule isiyo na nauli ya popote isikate tamaa. Mwaka 2020 Google Arts & Culture iliweka Kilwa Kisiwani mtandaoni kwa picha za pande tatu, na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima majengo yale kwa leza. Simu moja na projekta vinatosha. Faida yake halisi ni kuonyesha bahari inavyokula kuta. Kama mbadala wa safari, hapana. Kama kipindi cha kabla ya safari, ndiyo, hasa kumwonyesha mtoto mahali ambapo kesho ataweka tepu.

Nafuu nyingine tuliyopata karibuni ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili kufundishwa kwa Kiswahili. Mihrabu, boriti, kidaka, chokaa, tao: maneno hayo yalikuwa yanatafsiriwa kwenda Kiingereza kisha mtoto anayatafsiri tena kurudi kwao. Sasa anayataja kama yalivyo, na bibi yake anaweza kumsahihisha.

Ukishaamua, wa Kaole abebe barua ya shule, maji ya kutosha, penseli badala ya kalamu (kalamu huchafua mawe), na mkeka wa kukalia wakati wa kuchora. Na tepu ziwe mbili. Moja lazima itumbukie kisimani.